Wawili Upande Mmoja

Jumamosi, tarehe tisa Novemba. Kulipokucha mawingu yalikuwa yameshuka karibu na mapaa, na rasharasha ilianguka bila upepo, ile mvua isiyomlowesha mtu bali inamchosha.

Nguzo alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyofunikwa, mlangoni kwa chumba chake, akibandika soli ya kiatu kwa gundi. Kiatu cha kriketi kina vijino vya chuma chini ili mchezaji asiteleze, na kile cha mguu wa kulia kilikuwa kimeshang'oka vijino viwili, kama mdomo wa mzee. Aliminya, akahesabu kimoyomoyo, akaachia. Soli ikafunguka tena. Akaminya upya na kuweka tofali juu yake.

Mkewe alipita na karai la jezi. Yeye ndiye aliyeifulia timu. Bei ya sabuni ilikuwa imepanda tena wiki ile, na klabu haikuongeza kitu, hivyo alikuwa akifua jezi za timu nzima kwa povu la jezi tatu.

"Hicho kiatu ukikibembeleza hivyo kitalala usingizi," alimwambia mumewe.

"Kikilala mpaka jioni, sawa. Kisiamke tu katikati ya uwanja."

Mkewe alicheka kidogo, akaenda bombani. Nguzo hakucheka. Alikuwa akisikiliza ukuta. Upande wa pili wa ukuta ule wa mbao kichanga kilikuwa kikilia, na sauti ya mwanamume ikikibembeleza kwa wimbo usio na maneno. Yule mwanamume alikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe, ambaye uwanja mzima ulimwita Kasi.

Nyumba zile zilikuwa jengo moja refu nyuma ya uwanja, vyumba vimepangwa kama meno ya kitana, bomba moja, na ua wa saruji wa kuanikia nguo. Kampuni ya mabati ndiyo iliyomiliki klabu, uwanja na vyumba. Mchezaji mwenye mkataba alipewa chumba kimoja, yeye na mke na watoto, basi. Kuweka ndugu hakukuruhusiwa. Mkataba ukiisha, chumba kinaisha. Katibu wa klabu alipenda kusema kwamba chumba ni cha mkataba, si cha mtu.

Jana jioni katibu huyo aliwakusanya wachezaji baada ya mazoezi akawaeleza kwamba kampuni imekaza mkanda. Wapigaji wakongwe wawili, Nguzo na Kasi, mikataba yao inamalizika pamoja, na msimu ujao kuna nafasi ya mmoja. Alisema hataki maneno ya upendeleo. Mechi ya kesho ndiyo itakayoamua. Wengine wote walitazama viatu vyao. Kasi, aliyekuwa na miaka ishirini na tisa, aliuliza kama naye siku hizi ni mkongwe, na watu wakacheka kwa sababu walihitaji kucheka.

Nguzo alikuwa na thelathini na saba. Ndiye aliyemfundisha Kasi kushika gongo, zamani, alipokuwa akienda kwao kumchumbia dada yake. Mama mkwe alikuwa na msemo wake: huyu bwana alikuja kuchukua mmoja, akaondoka na wawili.

Gundi ilipokauka, Nguzo aliingia ndani, akafunga mlango na kupiga magoti kando ya kitanda. Hiyo ilikuwa desturi yake kila siku ya mechi, na maneno yake yalikuwa yale yale miaka yote: Mungu atulinde tusiumie, mimi na mwenzangu, na atupe siku njema. Asubuhi ile alifika kwenye neno "mwenzangu" akaliruka. Alisema, "Mungu, nibakize mimi." Akainuka haraka kama mtu aliyeokota kitu kisicho chake, akatazama nyuma.

Kasi alikuwa akimsubiri nje na begi begani.

"Shikamoo, shemeji. Umelala?"

"Marahaba. Nilale wapi, na huyo mwanao anaimba usiku kucha?"

"Anafanya mazoezi. Anataka kuwa mwamuzi, anapiga kelele bila kuona kitu."

Walikwenda pamoja kupitia upenyo wa uzio, kama walivyokwenda miaka tisa. Hawakuzungumza juu ya mkataba. Kasi alisimulia jinsi mkewe alivyoota mvua imechukua uwanja mzima na wachezaji wanaogelea na vikinga miguu vyao. Nguzo aliitikia kila mahali panapohitaji kuitikiwa.

Uwanja ulikuwa umelowa. Wasaidizi wa uwanja walikuwa wamepunguzwa tangu mwezi wa sita, hivyo wachezaji wenyewe walipewa vipande vya sponji wakaambiwa wakaushe ule ukanda wa katikati, mahali mpira unaporushwa na kupigwa. Walitambaa kwa magoti, wakifyonza maji na kuyakamua kwenye ndoo. Katibu alisimama kwenye saruji, viatu vyake vikavu, akitazama mbingu kama mtu anayedai. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, mwenye shati lililopigwa pasi vizuri. Alimwita Nguzo mzee wa kazi, na siku akifurahi alimwita babu.

"Babu, fyonza vizuri hapo. Mechi ikifupishwa, na posho inafupishwa, msije kunililia."

Mechi ikafupishwa. Badala ya ova ishirini kila upande wangecheza kumi na mbili. Ova moja ni mipira sita, kwa hiyo ilikuwa mipira sabini na miwili tu ya kupiga na kukimbia, kisha basi. Nguzo alisikia tangazo akiwa bado amepiga magoti na sponji mkononi. Alianza mchezo huu ukiwa wa ova hamsini. Wakati ule mpigaji aliingia asubuhi, akaruhusiwa kufikiri. Sifa yake yote ilitoka huko: alisimama, hakutoka, mipira ikamchoka. Ndipo wakampa jina la Nguzo, na ndipo alipowahi kuvaa jezi ya taifa misimu miwili, na picha yake ikatundikwa ukumbini. Baadaye watu wa televisheni wakataka mchezo unaokwisha kabla mtazamaji hajapiga miayo. Ova zikawa ishirini. Picha ukumbini ikateremshwa ili papatikane nafasi ya tangazo la mabati. Nguzo alijifunza mapigo mapya akiwa mtu mzima, kama mtu anayejifunza kusoma jioni baada ya kazi, huku walimu wake wakiwa watoto.

Wapinzani walitangulia kupiga. Walipata mikimbio tisini na mmoja, ndizo pointi za mchezo huu. Klabu ya mabati ilihitaji tisini na miwili.

Mambo yalianza vibaya. Wapigaji wanne wa kwanza walitoka upesi kwa kupiga mipira juu ikadakwa, maana kila mmoja alitaka kuonekana ana haraka. Ova tano zilikuwa zimeshapita Nguzo na Kasi walipokutana katikati ya uwanja. Waligonganisha magongo yao kama kawaida.

"Tuwe watulivu," Nguzo alisema.

"Wewe tulia, shemeji. Mimi nitakimbia kwa niaba yetu."

Na ndivyo ilivyokuwa. Kasi alipiga mpira wa kwanza ukaviringika hadi mpakani. Iliyofuata aliisukuma kwenye mapengo akakimbia, akarudi, akakimbia tena. Watu mia mbili hivi waliokuwa chini ya paa la mabati, wengi wao wafanyakazi wa kiwandani waliopewa tiketi badala ya muda wa ziada, walisimama. Nguzo upande wake alizuia, akasukuma, akakosa, akazuia.

"Mzee, ova si pensheni," mtu alimpigia kelele. "Haziji kila mwezi."

Watu walicheka. Katibu alikuwa kati yao, na alicheka pia. Nguzo alihisi shingo ikiwaka chini ya helmeti. Alijua kila jicho lilikuwa linawapima wawili wao kwa pamoja, kama nyama kwenye mizani, na alijua mzani umeelemea wapi. Kasi alikuwa amepata mikimbio mingi kuliko yeye kwa mipira michache kuliko yake. Hakuna aliyehitaji kuandika.

Hapo lazima msomaji aelewe jambo moja. Wapigaji huwa wawili, kila mmoja mwisho mmoja wa ule ukanda. Mpira ukipigwa, wanabadilishana nafasi mbio, na kila wakibadilishana ni mkimbio mmoja. Lakini mlinzi wa timu pinzani akiurudisha mpira na kuangusha vijiti vilivyosimikwa mwisho wa ukanda kabla mkimbiaji hajafika, mkimbiaji huyo ametoka. Kwa hiyo mmoja lazima aite. Mpira ukienda mbele ya aliyeupiga, yeye ndiye mwenye kuita, kwa sababu yeye ndiye anayeuona. Akisema ndiyo, mwenzake hageuki kutazama. Anakimbia. Ni kama kufumba macho na kushikwa mkono.

Katika klabu ile kulikuwa na mila nyingine juu ya hiyo, haimo kwenye sheria za mchezo, nayo wachezaji waliiheshimu kuliko sheria. Aliyeita ndiye anayekwenda. Wito ukiwa mbaya, wawili wakajikuta upande mmoja, basi aliyeita anatoka mstarini, anaukimbilia upande uliokufa, anakufa yeye, mwenzake anabaki. Nguzo ndiye aliyewafundisha mila hiyo vijana wote wa pale. Aliwaambia: usimwite mwenzako juani, wewe ukabaki kivulini.

Ova ya tisa, mpira wa nne, ulikuja mfupi. Nguzo aliugusa, ukaenda polepole upande wa kulia mbele yake. Haukuwa mpira wa kukimbilia. Angekuwa na ova hamsini angeuacha bila hata kufikiri. Lakini kelele ya pensheni ilikuwa bado sikioni.

"Ndiyo!" aliita.

Kasi aliondoka kama jiwe la manati. Nguzo alipiga hatua mbili, akamwona mlinzi akiinama juu ya mpira, karibu mno, kijana mwenye mkono mwepesi. Miguu yake ikasimama. Ikarudi. Akaweka ncha ya gongo nyuma ya mstari.

"Hapana," alisema, ila kwa sauti ya chini, na Kasi alikuwa ameshapita katikati. Kurudi kusingewezekana. Akaendelea mbele, hadi wakawa wawili upande mmoja, bega kwa bega, na upande ule mwingine vijiti vitatu vimesimama peke yake.

Yule kijana aliharakisha akarusha vibaya. Mpira ulipita mbali na vijiti, ukavuka kichwa cha mwenzake, ukaviringika kwenye majani yaliyolowa. Mrushaji wa ova ile akaanza kuufuata. Aliteleza, akainuka.

Huo ulikuwa muda mrefu. Mtu angeweza kufunga kamba za kiatu. Nguzo alikuwa na nafasi ya kutosha kuvuka mstari, kukimbia hata kwa kuchechemea, na kujitoa kama alivyofundisha. Aliutazama mstari. Ulikuwa mweupe, umechafuka kwa tope, na gongo lake lilikuwa ndani kidogo tu. Alifikiria chumba. Alifikiria kitanda na mahali alipopiga magoti. Hakufikiria kwa maneno.

Kasi hakumsukuma wala hakumlaumu. Alimgeukia, akihema, akasema taratibu, "Shemeji."

Nguzo hakuinua macho. Alisukuma gongo ndani zaidi.

Mrushaji aliuokota mpira, akatembea nao, akaangusha vijiti kwa mkono. Mwamuzi akainua kidole. Kasi akavua glavu moja baada ya nyingine, akaenda zake bila kukimbia.

Kilichofuata watu walikipenda sana. Nguzo, ambaye sasa hakuwa na kitu cha kuogopa, alipiga kama hajawahi kupiga tangu utoto. Alifumba macho mara moja au mbili. Mpira ulipata ncha ya gongo ukaruka juu ya vichwa, ulipata katikati ukapita mpakani. Katika ova ya mwisho alipiga pigo la ushindi. Wafanyakazi wa kiwandani wakateremka uwanjani, yule mtu wa pensheni akamkumbatia, wakambeba. Juu ya mabega ya watu alimwona mkewe mbali, kwenye ua wa saruji, akianika jezi, na akatamani wamshushe.

Alikuwa amepewa alichokiomba, tena kikiwa kimejaa na kumwagika. Hilo ndilo lililomtisha.

Katika chumba cha kubadilishia nguo watu walikuwa wanaimba. Nahodha, mtu mpole asiyependa kupandisha sauti, alinyamazisha wimbo. Alisema ushindi ni mtamu, ila timu haiwezi kuendelea kupoteza wapigaji kwa kukimbizana ovyo, na mwanzoni mwa kila mazungumzo ya namna hiyo kuna swali moja.

"Nani aliita?"

Maji yalidondoka kutoka kwenye bomba la kuogea. Nguzo alikuwa ameinama akifungua kamba za kiatu. Alikuwa ameshazifungua, akazifungua tena. Neno lilikuwa mdomoni. Lilikuwa neno fupi, mimi, hata mtoto huanza nalo.

"Sikusikia vizuri, nahodha," Kasi alisema kutoka pembeni. "Aliita hapana. Nilikuwa nimeshaondoka."

"Masikio yako yako miguuni," mmoja wa vijana alimtania, na wimbo ukarudi.

Kasi alikuwa anapangusa gongo lake kwa taulo. Hakumtazama mtu. Nguzo naye akaendelea kuinama mpaka damu ikamjaa usoni, na aliyemwona angedhani ni uchovu.

Katibu aliwaita wote wawili ofisini kabla jasho halijakauka. Alikuwa anakunywa chai. Hakuwakaribisha kuketi, kwa kuwa kulikuwa na kiti kimoja na yeye alikuwa juu yake. Aliwapongeza. Alisema klabu inamshukuru Kasi kwa miaka yake, ila mchezo wa leo umejieleza wenyewe, na mchezaji asiyesikiliza ni hasara. Chumba kikabidhiwe leo jioni. Kisha akamsogezea Nguzo karatasi ya mkataba, akaweka kalamu juu yake.

Nguzo aliitazama kalamu.

"Katibu," alisema, "ile mbio. Mimi ndiye niliyeita."

Aliyasema kwa sauti ndogo, kama mtu anayeomba kupishwa njia. Katibu akapuliza chai.

"Sawa. Uliita."

"Niliita ndiyo. Yeye alisikia. Alinisikia vizuri."

"Babu, nisikilize. Nafasi ni ya mtu mmoja. Hata mngecheza kama malaika, hata mngetoka wote kwa mpira wa kwanza, mmoja angebaki na mmoja angeondoka. Nani aliita, nani hakuita, hayo ni ya kwenu huko vyumbani. Mimi nataka saini. Au nimpe yeye kalamu?"

Aliuliza hivyo huku akitabasamu, na Nguzo akaelewa kwamba hakuwa anatania kabisa. Kalamu ingeweza kweli kuvuka meza. Ilikuwa hatua moja tu. Kasi alikuwa amesimama kando, amekunja mikono, akitazama dirishani ambako mvua ilikuwa imeanza upya.

Nguzo akachukua kalamu akasaini. Herufi zake zilikuwa nzuri, zimesimama wima.

Nje Kasi alitangulia. Nguzo alimwita kwenye upenyo wa uzio. Kasi akasimama, hakugeuka.

"Kwa nini ulisema hukusikia?"

"Usinishukuru," Kasi alisema. "Sikusema kwa ajili yako. Dada yangu analala kwenye chumba kile."

"Shemeji, nili..."

"Nimechoka, mzee. Nina godoro la kubeba."

Hakuwa amewahi kumwita mzee. Alipita kwenye upenyo, na Nguzo akabaki pale mpaka alipoona si vizuri kuendelea kusimama kwenye mvua kama mtu aliyesahau kwao.

Alipofika uani, godoro lilikuwa limeshatoka. Lilikuwa limesimamishwa ukutani chini ya mchirizi wa bati, na sufuria mbili, jiko, beseni la mtoto na mfuko wa nguo vilikuwa vimewekwa juu ya benchi. Mke wa Kasi alikuwa amesimama na kichanga kifuani, kimefunikwa kanga, akimwuliza mlinzi wa vyumba kama hawawezi kusubiri hata mvua ikatike. Wanawake waliokuwa bombani walikuwa wameacha ndoo zao zikifurika. Wachezaji wawili watatu walikuwa wamefika na taulo mabegani, furaha ya ushindi bado iko machoni, wakawa hawajui waiweke wapi.

Mlinzi alikuwa mtu mzima, mpenda soga, aliyezoea kumtania kila mmoja pale. Leo hakutania. Alikuwa na kufuli jipya mkononi, bado liko kwenye karatasi yake.

"Mimi natumwa, mama," alikuwa akisema. "Mgeni mwenyewe anakuja kesho asubuhi, mchezaji wa miaka kumi na tisa, ameshaambiwa chumba kipo. Hili kufuli nilipewa tangu Alhamisi. Niliambiwa mlango gani nitaambiwa leo."

Mtu mmoja kule bombani akafunga maji.

Mke wa Nguzo alikuwa ameshika ncha moja ya godoro la mdogo wake. Aliiachia, akaja mbele ya mumewe. Mikono yake ilikuwa bado imekunjamana kwa maji ya kufulia.

"Wanasema mdogo wangu hasikii," alisema. "Mimi nimemlea. Nikimwita kutoka barabarani kwa sauti ya kawaida alikuwa anakuja. Sasa ninakuuliza wewe. Ulimwita?"

Kasi alisema kwa ukali kidogo, "Dada, acha."

"Sijakuuliza wewe. Ulimwita?"

"Nilimwita," Nguzo alisema.

"Akaja?"

"Akaja."

"Halafu?"

Kila mtu alikuwa anasikia. Vijana wale aliowafundisha walikuwa hapo, na mmoja wao ndiye aliyetania kuhusu masikio. Nguzo aliona uso wake ukibadilika taratibu, kama mtu anayeonja kitu akigundua kimechacha.

"Halafu nikabaki," alisema. "Mpira ulienda mbali, nilikuwa na muda. Nilibaki."

Mkewe hakumpigia kelele. Ingekuwa nafuu. Alimtazama kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mahali fulani na hakioni, kisha akarudi kwenye godoro. Kasi akashika ncha ya pili. Walikuwa wanalielekeza langoni. Hakuna aliyejua baada ya lango wangelipeleka wapi, mvua ile, na kichanga kile ambacho shingo yake bado haijakaza.

Nguzo alitaka kuomba, hata neno moja. Alishindwa kupata mahali pa kuanzia. Alijisikia uchi mbele ya Mungu na mbele ya majirani, na hakujua upande upi ulikuwa wa baridi zaidi. Mungu alijua alichoomba asubuhi na alichoruka. Hakukuwa na haja ya kumweleza.

Akaenda kwenye mlango wake akaufungua wazi, mbao zote mbili, mpaka kitanda kikaonekana na nguo kwenye msumari na tofali bado sakafuni. Kisha akaenda akashika godoro katikati, kati ya wale ndugu wawili, na kulizuia. Kasi akalivuta. Nguzo hakuliachia.

"Achia, shemeji," Kasi alisema.

"Sheria unaijua," mlinzi alisema kwa upole. "Chumba kimoja, familia moja. Wakilala kwako, mimi nitaulizwa. Na mkataba wako wino haujakauka. Usinitie mashakani, ndugu yangu, na usijitie."

"Hutaulizwa," Nguzo alisema. "Utakwenda wewe mwenyewe kumwambia katibu, sasa hivi, kabla hajamaliza chai yake."

Baadhi ya watu waliokuwa karibu walitazama chini kwa kumhurumia. Alimtazama mke wa Kasi, kisha wale vijana, kisha Kasi mwenyewe, ambaye hakumpa msaada wowote wa macho. Mke wa Nguzo alikuwa ameinamisha kichwa. Maji yalitiririka kwenye bati yakamwangukia Nguzo begani, hakujisogeza.

"Ninyi nyote mmesikia nilichofanya, na keshokutwa kwenye mazoezi nitalirudia mbele ya nahodha na timu nzima, bila kupunguza," alisema. "Na hili nalo mlisikie, mlinzi ukalipeleke kama lilivyo: shemeji yangu, mkewe na mtoto wao watalala chumbani mwangu kuanzia leo, na siku kufuli litakapoletwa kwenye mlango huu, tutatoka sote, na mimi nitatoka wa kwanza. Ninaahidi mbele yenu."